Skrini Ikivurugika Kompyuta Inapowashwa
Skrini ikijaa mistari na rangi za ajabu kompyuta inapowaka, usidhani faili zimepotea. Hizo hukaa kwenye diski. Angalia vurugu inaanza lini. Ikionekana tangu nembo ya mtengenezaji, kabla ya Windows kuingia, kwa kawaida kasoro iko kwenye vifaa. Zima, kaza waya wa skrini pande zote mbili, kisha jaribu skrini nyingine. Waya uliolegea ni jambo la kawaida, na kuukaza hakugharimu kitu. Nembo ikiwa safi na vurugu ikaja baadaye, shuku programu inayoendesha kadi ya picha: washa kwa hali salama, uiondoe, uisakinishe upya. Fundi akitaka kufuta diski, mkatalie hadi anakili hati zako.