Kuchoma Vyungu Visipasuke

Chungu kikipasuka motoni, usikimbilie kulaumu udongo. Mara nyingi kosa ni maji yaliyobaki ndani yake. Joto likifika digrii 100 za sentigredi maji hugeuka mvuke, na mvuke ukikosa njia huvunja chungu. Anika vyungu kivulini, kisha ukiguse kimoja kwa shavu: kikiwa baridi, bado hakijakauka. Vipashe kwa moto mdogo kwanza, ndipo uongeze kuni mpaka vyungu vyenyewe, si kuni tu, viwake vyekundu. Hapo joto limepita digrii 600, na udongo hautarudi kuwa tope. Rangi ya kung'aa kama kioo ni kazi ya tanuri. Nyingi haziyeyuki kabla ya digrii 900. Usifukue majivu mapema, maana upepo baridi nao hupasua.