Tope la Nzoia na Pumzi ya Mpiga Mbizi

Msimu wa mvua, Mto Nzoia unapofika Webuye na kuanguka kwenye maporomoko ya Nabuyole, maji yake huwa na rangi ya chai ya maziwa. Rangi hiyo ni udongo uliokombwa na mvua kwenye mashamba ya Mlima Elgon na vilima vya Cherangani, ukateremshwa kupitia Trans Nzoia hadi Bungoma. Mpiga mbizi anayeingia humo kumtafuta aliyezama hutoka na tope mwili mzima. Lile la usoni ataliona na kulinawa. Lililojibanza ndani ya kifaa kinachompa pumzi halionekani.

Maelekezo mengi ya utunzaji wa vifaa vya kuzamia hulenga bahari. Huko adui ni chumvi: lita moja ya maji ya bahari hubeba takriban gramu 35, na yakikauka huacha chembe ngumu zinazokwaruza mpira na kula chuma. Basi watu wa bara hudhani kwamba aliyezamia mtoni au bwawani hana haja ya kuosha, maadamu maji si ya chumvi. Dhana hiyo ni ya hatari. Mchanga laini nao hukwaruza, na tope likikauka ndani ya kitufe au zipu hushika kama saruji.

Kifaa kinachoumia zaidi ni rigaleta; Jacques Cousteau na Émile Gagnan waliunda yao huko Ufaransa mwaka 1943. Mtungini hewa hubanwa mara nyingi hadi baa 200. Rigaleta huipunguza nguvu ili mapafu yaweze kuivuta. Ndani yake mna vali, springi na oringi, yaani pete nyembamba za mpira. Punje ya mchanga ikikaa mahali vali inapofungia, hewa huvuja mfululizo, na mtungi huisha mtu akiwa bado chini.

Kwa hiyo kuosha huanza hapo, tena siku ileile, kabla tope halijakauka. Maji yawe safi, ya bomba au ya mvua yaliyotegwa. Kusuuza kwa maji ya mto uleule ni kupaka tope juu ya tope. Njia bora ni kuiacha rigaleta kwenye mtungi uliofunguliwa, kwa maana hewa iliyo ndani huzuia maji kupenya. Ikiwa imeshatolewa, kifuniko chake cha vumbi kikaushwe kwa kitambaa na kufungwa barabara, ndipo itumbukizwe kwenye karai. Hapo kitufe cha mbele cha rigaleta kisibonyezwe hata kidogo. Kukibonyeza bila hewa ndani ni kufungua mlango: maji hupanda na bomba hadi kwenye chuma, na kutu huanza kimyakimya.

Jaketi la kuelea lioshwe nje na ndani. Maji safi kiasi hutiwa kupitia bomba la kupulizia, jaketi likatikiswa, kisha likageuzwa yamwagike yote. Anayefanya hivyo kwa mara ya kwanza hushangaa kuona maji yanayotoka yalivyo meusi. Baada ya hapo lipulizwe kidogo ili kuta zake zisigandamane.

Kukausha ndiko kugumu. Kitale, huko Trans Nzoia, iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na miezi ya mvua huko ni baridi na unyevu. Wakulima wake wanalijua jambo hili vizuri: mahindi yenye unyevu unaozidi asilimia 13.5 hayanunuliwi na Bodi ya Nafaka hadi yakauke, kwa sababu yakihifadhiwa hivyo yataota kuvu. Suti ya mpira iliyokunjwa mbichi huota kuvu vilevile. Tofauti ni kwamba mahindi huanikwa juani kwenye turubai, ilhali suti hugeuzwa ndani nje na kutundikwa kivulini penye upepo, kwani jua kali hupasua mpira. Isitundikwe juu ya jiko.

Ghala la mahindi nalo si mahali pa vifaa hivi, hata kama ndilo lenye nafasi. Panya hutafuna mpira, na mpira hunyonya harufu ya petroli na ya dawa za kuua wadudu. Rigaleta iliyolala mwezi mzima kando ya dawa ya dumuzi ndiyo mtu atakayotia mdomoni.

Kukausha huilinda pia jamii nzima. Gugu maji lililovamia Ziwa Victoria huota upya kutoka kwenye kipande kidogo cha shina, na kipande hicho chaweza kusafiri kwenye mkunjo wa jaketi bichi kutoka ziwani hadi bwawa la kijijini.

Mtungi usiachwe mtupu kabisa. Hewa kidogo ibaki ili unyevu usiingie. Kwa kawaida hukaguliwa ndani kila mwaka, na nchini Marekani hupimwa kwa mgandamizo wa maji kila baada ya miaka 5. Rigaleta ifunguliwe na fundi aliyefunzwa kazi hiyo, kwa ratiba ya mtengenezaji. Oringi zipakwe grisi ya silikoni, kamwe si mafuta ya gari.

Kikosi chochote chenye vifaa hivi, Kitale au Bungoma, kiwe na daftari moja kando ya rafu. Kila anayerudisha kifaa aandike tarehe, mahali alipozamia, na jina la aliyekiosha. Kifaa kisichoandikwa kisitolewe.