Mkopo wa Siku 30, Kuku wa Wiki 6: Piga Hesabu Kabla ya Kukopa

Kuna swali ambalo wateja wetu wanafunzi hutuuliza sana: “Nafuga kuku 50 nyumbani na ndio wananisaidia na karo. Nikichukua mkopo nifikishe 100, si semesta ijayo itakuwa rahisi?”

Jibu letu: inawezekana, lakini angalia kalenda kabla hujaangalia limiti yako.

1. Deni lisiive kabla ya kuku

Kuku wa nyama, yaani broila, huwa tayari kuuzwa baada ya wiki 5 hadi 6. Kuku wa mayai huanza kutaga wakiwa na wiki 18 hadi 20. Mikopo mingi ya simu nayo inataka ulipe ndani ya siku 30.

Shida iko hapo. Ukikopa siku ile unanunua vifaranga, siku ya kulipa inafika kuku bado wako bandani. Utalipa ada mara ya pili ili uongezewe muda, utauza kuku wakiwa wadogo, ama utagusa hela ya karo. Kwa kuku wa mayai ni vibaya zaidi: utalisha miezi minne na zaidi bila kuona yai hata moja. Usiwaanzishe kwa mkopo wa mwezi mmoja.

2. Andika hesabu yote

Huu ni mfano tu. Weka bei za kwenu.

- Vifaranga 100 kwa sh. 100: sh. 10,000
- Chakula, magunia 5 ya kilo 70 kwa sh. 4,500: sh. 22,500
- Chanjo ya Newcastle na Gumboro, makaa na maranda: sh. 3,500
- Jumla: sh. 36,000

Tuseme watano wamekufa, ukauza 95 kwa sh. 450. Unapata sh. 42,750, na faida ni sh. 6,750. Sasa bei ikishuka hadi sh. 400, faida inabaki sh. 2,000 pekee. Na wakifa 10 kwa bei hiyo hiyo, unarudisha sh. 36,000 zako bila faida yoyote. Ada ya mkopo bado hujalipa!

Hatusemi haya kukutisha. Tunataka uone kwamba karo ya semesta nzima haifai kutegemea mkupuo mmoja wa kuku.

3. Kopa ukiwa umechelewa kidogo

Tuseme una sh. 24,000 zako na umepungukiwa na sh. 12,000. Mkopo una ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30, yaani sh. 900. Ukikopa siku ya kwanza na kuongeza muda mara moja, ada inakuwa sh. 1,800.

Badala yake, anza na hela yako. Vifaranga, chanjo, makaa, maranda na magunia mawili ya kwanza ni sh. 22,500. Hayo yatakufikisha kama siku ya 21. Hapo ndipo kuku wanaanza kula kwa fujo, na hapo ndipo mkopo una kazi. Chukua sh. 12,000, ongeza sh. 1,500 zilizobaki, ununue magunia matatu ya mwisho. Deni litaiva siku ya 51, na kuku umewauza kufikia siku ya 42. Umelipa ada mara moja, na una siku 9 za kufuatilia wateja waliosema “nitatuma kesho.”

4. Karo iwe na mfuko wake

Pokea malipo ya kuku kwa till au laini ya biashara, isiwe ile unayonunulia chakula cha mchana. Mauzo yakiingia, fuata mpangilio huu: lipa mkopo, weka kando mtaji wa mkupuo ujao, kisha faida iende kwenye akiba ya karo iliyofungwa hadi tarehe ya chuo.

Kama una mkopo wa HELB, uache ufanye kazi ya masomo. Riba yake kwa shahada ya kwanza ni asilimia 4 kwa mwaka. Ukiutumia kununua vifaranga, utajikuta unatafuta karo kwa mkopo wa simu ambao ni ghali mara nyingi zaidi. Pia angalia ratiba ya mitihani. Kama wiki ya kuuza kuku ndiyo wiki ya mitihani, ongea mapema na mtu wa nyumbani akusaidie.

5. Jilinde

Kopa kwa kampuni iliyo na leseni ya Benki Kuu ya Kenya. Mtu akikuambia mkopo wako umepita lakini utume “ada ya usajili” kwanza, huyo ni tapeli. PIN yako usimpe yeyote, hata akisema ametoka kwetu. Na ukiona utachelewa kulipa, piga simu kabla ya tarehe. Kunyamaza ndiko kunakoharibu jina lako CRB, na hilo jina utalihitaji hata baada ya kuhitimu.

Kwa hivyo leo, kabla ya kubonyeza “omba mkopo”, chukua karatasi uandike tarehe tatu: siku ya kuuza kuku, siku ya kulipa deni, na siku ya karo. Zikifuatana kwa mpangilio huo, endelea. Kama hazifuatani, kuku 50 bado ni biashara.