Bangi: Mjadala Haujabadilisha Sheria

Tangu George Wajackoyah aahidi kuhalalisha bangi katika kampeni za urais za 2022, wapo wakulima wanaodhani imeruhusiwa. Haijaruhusiwa. Mswada aliouandaa marehemu Ken Okoth, Mbunge wa Kibra, mwaka 2018 ulitaka wakulima wasajiliwe na zao litozwe kodi, lakini haukupitishwa.

Wanaounga mkono hutaja mapato na matibabu. NACADA na wazazi wengi huhofia afya ya akili ya vijana. Wakati hayo yakijadiliwa, sheria ya dawa za kulevya ya 1994 ingali inatumika. Anayepanda bangi anakabiliwa na faini ya Sh250,000 au mara tatu ya bei yake sokoni, kutegemea kiasi kilicho kikubwa, au kifungo cha hadi miaka 20, au vyote viwili. Mwenye shamba aliyeruhusu litumiwe pia ana hatia, na huyu ndiye husahaulika.

Kaunti haitoi leseni ya bangi. Anayekuuzia “kibali cha kaunti” anakulaghai. Mwenye maoni, awe anaunga mkono au anapinga, anaweza kuwasilisha ombi Bungeni chini ya Kifungu cha 119 cha Katiba.