Kusoma Ruksa, Kuandika Hapana

Ndugu msomaji, hebu fikiria umefundishwa kusoma, halafu unaambiwa kalamu usiiguse. Ndivyo ilivyokuwa kwa Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844. Watoto wa kasri, wa kike kwa wa kiume, walisomeshwa Kurani. Lakini kuandika? Hilo lilikuwa somo la wavulana.

Kwa nini wakubwa wakubali moja na kukataa jingine? Jibu ni hili: msomaji hupokea, mwandishi hutuma. Binti anayesoma anapokea maneno ambayo wakubwa wameshayaridhia. Akijua kuandika, maneno yake yanatoka nje ya nyumba hata kama mwenyewe amefungiwa ndani. Hofu hiyo haikuisha upesi. Hata serikali ilipofungua shule ya wasichana Unguja mwaka 1927, wapo wazazi waliohofia kuwa binti akijua kuandika atawaandikia wavulana barua za mapenzi.

Tusidhani lakini kwamba wanawake wote wa pwani walikuwa kimya. Mwana Kupona wa Siyu, kisiwani Pate, alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha mwaka 1858, na mpaka leo tunausoma darasani. Ila yale yalikuwa maneno ya mama kwa mwanawe kuhusu dini, adabu na ndoa. Hayakumtisha mtu.

Turudi kwa Salme. Kwa siri alichukua mfupa wa bega la ngamia, akawa ananakili juu yake herufi za Kurani mpaka mkono ukazoea. Siri ilipovuja, alisemwa sana. Hakujali.

Sasa ona mambo yalivyogeuka. Mwaka 1859 kaka yake Barghash alitaka kumpindua kaka yao mwingine, Sultani Majid. Barua za njama zilihitaji mtu wa kuziandika. Akaitwa nani? Salme, binti wa miaka 15! Kalamu iliyokuwa aibu jana, leo ikawa lulu, kwa sababu safari hii ilikuwa na faida kwa wanaume. Njama ilishindwa na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay.

Hapo ndipo penye somo letu. Salme alikuwa ameshajua kuandika, lakini bado alikuwa anaandika ya wengine. Ilichukua miaka 27 zaidi. Mwaka 1886, akiwa mjane nchini Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, alitoa kitabu cha maisha yake mwenyewe. Leo anayetaka kujua wanawake wa kasri za Unguja waliishije, lazima apitie kwake.

Sisi wa chuo tutasema hayo ni ya kale, siku hizi kila mtu anaandika. Kweli? Angalia vikundi vyetu vya majadiliano. Mara ngapi dada ndiye anayepewa daftari, "wewe una mwandiko mzuri", halafu kaka anasimama kuwasilisha? Mara ngapi kwenye uchaguzi wetu dada anasukumiwa ukatibu, na uenyekiti unabaki kwa kaka?

Kwa hiyo dada, ukikabidhiwa kalamu kikaoni, ipokee, lakini jiulize: naandika ya nani? Na wewe kaka, wiki ijayo shika daftari.