Kunguru kwenye ncha ya mlingoti

Swali: Msomaji wa Kilifi ana mashua ya tanga yenye mlingoti wa mita 15. Taa ya juu imezimika, na kunguru wamegeuza kipima upepo kuwa kijiwe. Sitaha imejaa kinyesi. Je, apande mwenyewe?

Jibu: Anaweza, ila si peke yake na si kwa kamba moja. Kiti cha kupandia hufungwa kwenye henza kwa fundo, kamwe si kwa klipu ya kufyatuka. Henza ya pili hufungwa kwenye mkanda wa mwilini, mwenzake wa chini akiivuta isilegee.

Asubuhi bahari ikiwa shwari ndiyo saa yake. Mashua ikilala nyuzi 10 tu, ncha huhama zaidi ya mita mbili na nusu! Kila kifaa kifungwe kamba: bisibisi ikiponyoka huko juu hufika sitahani kwa kasi ya kilomita 60 hivi kwa saa.

Akishabadilisha taa, akague kapi na pini.

Bundi wa plastiki? Kunguru wa India, aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890, humzoea upesi. Miiba ya chuma hufaa zaidi, mradi isiguse kipima upepo.