Siku ya Kwanza ya Mbwa Wako Mbele ya Kondoo

Una mbwa nyumbani. Labda ni German Shepherd, labda Border Collie, labda wa kienyeji mwenye akili nyingi. Watoto wakicheza uani yeye huwazunguka na kuwakusanya. Baiskeli ikipita huinyatia. Sasa shangazi yako ana kondoo Kinangop au Molo, na unataka kujua kama mbwa huyu anaweza kuswaga.

Mjaribu. Ila usifike ukamfungulia tu uone itakuwaje. Mbwa asiyefunzwa anaweza kuua kondoo hata bila kumng'ata. Kondoo wakikimbizwa ovyo hujibamiza kwenye seng'enge, huvunjika miguu, na wenye mimba huzitupa. Mimi nililipa kondoo jike mmoja kwa sababu ya haraka yangu, na kumlipia ndiyo ilikuwa sehemu nyepesi.

Anzia nyumbani, wiki chache kabla ya safari. Mbwa wako anahitaji maneno mawili tu: "Njoo" na "Lala". Lakini yawe maneno ya kweli. Rusha mpira, na mbwa akiwa katikati ya mbio mwambie "Lala". Akijilaza papo hapo, yuko tayari. Akiendelea na mpira, kondoo watamshinda mara kumi zaidi. Rudi uani, endelea kumfunza.

Umri nao uangalie. Mtoto wa mbwa wa miezi minne mwonyeshe kondoo kutoka nje ya uzio, basi. Kazi yenyewe ingoje akaribie mwaka mmoja, mifupa ikiwa imekomaa na mbio zake zikiweza kumpita kondoo. Mbwa mdogo akipigwa kichwa na kondoo jike mkali anaweza kuwaogopa maisha yake yote.

Kisha mpeleke kwa daktari wa mifugo. Chanjo ya kichaa cha mbwa iwe haijapitwa na wakati. Omba pia dawa ya minyoo yenye praziquantel, na hapa usibane pesa. Kuna tegu mdogo aitwaye Echinococcus anayezunguka kati ya mbwa na kondoo. Mayai yake yakimwingia binadamu huota uvimbe wenye maji kwenye ini au mapafu. Watu wa Turkana wanaujua ugonjwa huo kwa miaka mingi. Kwa hiyo kondoo akichinjwa shambani, mbwa wako asipewe ini bichi wala mapafu mabichi, hata kipande cha kumpongeza.

Kama mbwa wako ana damu ya Collie, uliza swali moja zaidi: kondoo walipewa ivermectin lini? Baadhi ya mbwa wa mbegu hiyo wana kasoro ya kurithi inayoiruhusu dawa hiyo kuingia kwenye ubongo. Akila kinyesi cha kondoo waliotoka kupewa dawa, anaweza kulewa sumu. Mbwa wengi hupenda kinyesi cha kondoo, kwa hiyo usidhani wako hatakigusa.

Sasa shamba. Kabla ya kitu chochote, msalimie mchungaji na ukae naye kidogo. Yeye ndiye anayejua yupi ni mkorofi, yupi ana mimba, yupi anachechemea. Mwombe akuchagulie kondoo wanne au watano: wazima, wakubwa, waliozoea kuona mbwa. Asikupe dume, mwenye mimba wala anayenyonyesha. Wala usikubali kondoo mmoja peke yake. Kondoo akitengwa na wenzake huchanganyikiwa na anaweza kuruka popote.

Tafuta kiwanja kidogo chenye uzio imara, chenye upana wa hatua ishirini hivi. Uwanda wazi usiujaribu. Kona ziba kwa mbao au marobota ya nyasi, maana kondoo wakijibana konani mbwa hana pa kuwazungukia, na hapo ndipo meno hutoka. Nenda alfajiri, jua kabla halijapanda. Weka ndoo ya maji karibu na lango.

Mbwa mtembeze kwanza mpaka ajisaidie na atulie. Mvalishe mkanda wa kawaida wa shingoni, umfunge kamba ndefu ya mita tano hadi kumi. Kamba hiyo usiizungushe mkononi, maana mbwa akichomoka itakukata vidole. Iache iburute chini, uikanyage ukiihitaji. Mkononi shika fimbo nyepesi. Si ya kumpigia. Ni ya kurefusha mkono wako.

Ingia polepole. Kila kondoo ana nafasi yake anayoilinda. Ukiwa mbali anakula. Ukisogea anainua kichwa. Ukisogea tena anageuka aondoke. Pale anapogeuka ndipo mpaka wa kazi yako. Hatua moja mbele inawasukuma, hatua moja nyuma inawapa pumzi. Ujaribu mpaka huo wewe mwenyewe mara mbili tatu, mbwa akiwa amelala langoni. Watu wengi huruka hatua hii, kisha humlaumu mbwa.

Mpangilio ni huu, na karibu kila kitu kinautegemea. Chora uso wa saa ardhini kwa mawazo. Kondoo wako katikati. Wewe simama penye 6. Mbwa awe penye 12, ng'ambo ya pili. Kondoo wanamkimbia mbwa, kwa hiyo wanakuja kwako. Wewe rudi kinyumenyume taratibu. Wao wanakufuata, mbwa anafuata nyuma yao. Ukienda kushoto, mbwa mwenye silika naye atahama upande wake ili abaki ng'ambo yako, bila kuambiwa. Ukiliona hilo hata kwa sekunde tano, umepata mchungaji.

Ili afike penye 12, tembea naye pembeni mwa uzio, kamba mkononi, kisha umwachie na wewe uingie upande wa pili wa kondoo. Usimnyooshee kidole. Mwili wako unaongea zaidi. Ukisogea upande wake wa kulia, atageukia kushoto.

Muda wote msome. Mkia ukiwa chini, mdomo umefungwa, macho yamekaza, anazunguka kwa nje: yuko kazini. Mkia ukipanda juu, akibweka na kurukaruka, akikata katikati ya kundi: anacheza, au amepagawa. Mwambie "Lala", mwache apumue, uanze tena. Border Collie karibu wote wa leo wana damu ya Old Hemp, mbwa wa Adam Telfer aliyezaliwa Northumberland, Uingereza, mwaka 1893, na sifa yake kubwa ilikuwa kufanya kazi kwa utulivu. Utulivu huo ndio unaoutafuta.

German Shepherd mpime kwa kipimo chake. Kule Ujerumani, kabla Max von Stephanitz hajaanza kuisajili mbegu hiyo mwaka 1899, babu zake walikuwa wakitembea kando ya kundi kama uzio hai, kondoo wasiingie kwenye mazao ya watu. Kwa hiyo wako akikosa kuzunguka kwa mbali, ila akawa anakwenda na kurudi ubavuni mwa kundi, usikate tamaa. Anafanya kazi ya ukoo wake.

Na kuna mbwa ambao kuswaga si kazi yao kabisa. Mbwa wanaoandamana na mifugo ya Wamaasai kazi yao ni kunusa fisi na kupiga kelele mapema. Namibia, tangu mwaka 1994, wafugaji wamekuwa wakipewa mbwa wa asili ya Uturuki wa kulala na mifugo na kuikinga dhidi ya duma. Mbwa wako akiingia kiwanjani akajilaza kati ya kondoo na kupiga mwayo, huenda wewe una mlinzi. Mtafutie kazi hiyo.

Akiwavamia, usiite jina lake kwa ukali. Jina lake libaki jambo zuri. Ingia kati, gonga fimbo ardhini mbele yake, sema "Lala" kwa sauti nzito. Kanyaga kamba. Akinyofoa sufu au akimshika kondoo mguu, siku imekwisha. Mtoe nje bila kelele na bila kipigo. Mjaribu siku nyingine ukiwa na mtu anayejua kazi hii. Akirudia na damu ikatoka, mbwa huyu abaki mlinzi wa nyumba.

Asipojali kondoo kabisa, akanusa nyasi tu, usimsukume. Wengine silika huamka safari ya tatu.

Dakika tano zinatosha. Kumi ni nyingi. Acha akiwa bado anafanya vizuri, hata kama moyo wako unataka zaidi. Sema "Basi", shika kamba, mtoke pamoja. Tumia neno hilo hilo kila siku, limaanishe kazi imekwisha. Ulimi wake ukining'inia mrefu na kupanuka nchani, ulipaswa kuacha mapema: kivuli na maji mara moja. Kondoo wakihema midomo wazi, vilevile umechelewa.

Mfunge mbwa, kisha rudi kwa kondoo. Pamoja na mchungaji wakague mmoja mmoja, mkono chini ya sufu, hasa miguu ya nyuma na shingo. Jeraha la jino ni dogo kwa nje na huoza kwa ndani. Ukilipata, mwite daktari siku hiyo hiyo na ulipe wewe. Mbwa naye mtoe kupe. Usiku alale kwenye kibanda kilichofungwa, hata kama alikuwa malaika asubuhi. Silika iliyoamka haijui kwamba mwalimu amelala.

Kabla hujaondoka, keti karibu na mchungaji mwangalie kundi. Wakirudi kula ndani ya nusu saa, mwombe ruhusa ya kuja wiki ijayo. Wakibaki wamejikusanya, vichwa juu, wakiangalia lango, wape wiki mbili.